Lazima ya Mkamwana

Mzungu alikuwa amelala kifudifudi ndani ya tumbo la boti, tochi mkononi, na kwa kitambo kirefu hakikuonekana kitu chake ila soli za viatu. Watu wa mwaloni Kirumba, pale boti za samaki zinapofikia, walikuwa wamejazana kumtazama, maana mzungu anayejipaka tope kwa hiari yake haonekani kila siku. Immaculata alisimama pembeni juu ya jiwe, mkoba wa shule begani, akijua kwamba wanafunzi wanamngoja shuleni Mirongo. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na asubuhi ile ukoo wa mumewe ulikuwa umemwazima kama jembe.

Boti ilikuwa mali ya baba mkwe wake, Mzee Chenge. Maisha yake yote Mzee Chenge alikuwa mtu wa ng'ombe kule Misungwi, na maji aliyajua kwa kunyweshea tu. Soko lilipoachiwa huru na viwanda vya minofu ya sangara vikaanza kuota kando ya ziwa, aliuza karibu zizi zima akanunua boti ya mbao yenye injini, na kiwanda kimoja kikampa kazi ya kukusanya samaki kisiwani Kome. Ndugu zake walisema amerogwa. Yeye alisema ng'ombe ana mwisho, sangara hana. Nahodha wa boti alikuwa mwanawe Masalu, na Masalu ndiye mume wa Immaculata.

Mzungu aliletwa na kiwanda. Jina lake Bwana Larsen, fundi wa meli kutoka Denmaki, na kazi yake ilikuwa kukagua boti za wote waliokiuzia kiwanda samaki. Alikuwa na asubuhi moja tu ya Mwanza. Mchana alitakiwa awe kwenye kivuko, avuke kwenda Busisi, ashike njia ya Geita kwenye shughuli nyingine. Taarifa yake angeiandika huko mbele ya safari, nayo ingefika siku itakayofika. Kwa hiyo kilichokuwa na nguvu saa ile ni maneno ya mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa wa Immaculata.

Kiwanda kilitaka kuleta mkalimani wao. Mzee Chenge ndiye aliyekataa.

"Niletewe mtu wa kunisemea," alisema, "na nyumbani kwangu nina Kiingereza kizima?"

Alijivunia Kiingereza hicho kuliko injini. Shida ni kwamba kilikuwa kinywani mwa mkamwana wake, na mkamwana katika ukoo ule alikuwa na mipaka mingi kuliko shamba la mgogoro. Hamtaji baba mkwe kwa jina. Humsalimu akiwa amepiga magoti, tena kwa mbali. Hali naye, hakalii anapokalia, hamtazami usoni. Kumwamuru ndiyo usiseme. Wasichana wengine walioolewa pale walikuwa wameshaanza kulegeza kamba kidogo kidogo, lakini Immaculata alikuwa Mhaya wa Kamachumu, na siku alipoletwa alisikia kwa masikio yake wanawake wakinong'ona kwamba Wahaya wanajisikia, huyu atawapanda watu vichwani. Tangu siku hiyo alipiga magoti hata pale ambapo wenzake walikuwa wameshaacha. Alitaka wasipate pa kumshika.

Bwana Larsen alitoka tumboni mwa boti akiwa na kisu mkononi, na uso wake haukuwa wa habari njema. Alizungumza taratibu ili mkalimani asipitwe. Ubao ulio jirani na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, umelainika, alisema. Kisu kimeingia kama kwenye sabuni. Misumari haijashika kitu. Na hizo ni zile sehemu anazoweza kuziona. Zile asizoziona bila shaka ni mbaya zaidi. Ikibeba mzigo, huenda ikafika, huenda isirudi, yeye si Mungu. Kisha akaelekeza kisu kwa Mzee Chenge.

"Mwambie hii boti isitoke," alisema. "Si leo, si kesho, mpaka ubao ubadilishwe. Must not. Umenielewa? Must not."

Immaculata alielewa vizuri sana. Katika Kiingereza chote hakuna neno jepesi kulifasiri kama lile. Hata mwanafunzi anayesinzia dirishani angelifasiri: ni marufuku, isitoke, basi.

Aligeuka. Baba mkwe alikuwa amesimama na wazee wenzake watatu kutoka Misungwi, waliokuja kuiona boti ambayo ng'ombe wa ukoo waligeuka kuwa. Fimbo mkononi, katambuga miguuni. Immaculata alipiga magoti juu ya changarawe, macho yake kwenye zile katambuga, akafungua kinywa, na neno likamgomea. Kwa Kiingereza lilikuwa dogo. Kwa Kiswahili, mbele ya wazee wale, likawa kubwa kuliko boti yenyewe.

"Baba," alisema, "mgeni anashauri… Anaona ingefaa boti ipumzike kidogo, ule ubao wa chini utazamwe. Kama itawezekana."

Alilisikia likitoka limefunikwa na kupambwa kama sahani ya posa. Alijua alichokifanya. Asije mtu akamwonea huruma akasema hakujua.

Mzee Chenge aliinamisha kichwa kwa adabu. "Mwambie nimeshukuru kwa ushauri wake. Boti ikirudi kutoka Kome, nitamwita fundi."

"Anakushukuru," Immaculata alimwambia mzungu kwa Kiingereza. "Atamwita fundi." Na hapo hakuna hata neno moja lililokuwa la uongo.

Bwana Larsen alimtazama. "Umemwambia ni must?"

"Ndiyo," alisema Immaculata, na hilo lilikuwa la uongo.

Mzungu alitikisa kichwa, akafuta kisu kwenye suruali, akatikisa kichwa tena, akapanda gari lake. Wazee wakaanza kuzungumzia bei ya samaki.

Njiani kuelekea shule Immaculata alijituliza kwa kila dawa aliyokuwa nayo. Mzee ni mtu mzima, ana akili zake. Wiki iliyopita boti ilikwenda ikarudi. Masalu anaogelea vizuri. Wazungu nao wana kawaida ya kutia chumvi, wakiona mende wanafunga hoteli. Na hata kama angesema lile neno kavukavu, nani anajua kama lingesikilizwa? Huenda lisingesikilizwa. Huenda boti ikaenda salama. Kila alipofika kwenye huenda moja aliishikilia kama mtu anayepita kwenye daraja la miti, kisha anatafuta nyingine.

Ila kulikuwa na jambo alilolijua. Mzee asingeahirisha safari kwa sababu ya ushauri. Kiwanda kilikuwa kimewaambia wauzaji wote kwamba atakayekosa mzigo safari hii, mwalo wake kule Kome unapewa mwingine, na waliokuwa wakiumezea mate walikuwa wengi. Ndivyo biashara ilivyokuwa sasa. Zamani ungechelewa ukaandikiwa barua ya kukukumbusha. Siku hizi ukichelewa unamkuta mwenzio ameshakaa. Alasiri ile boti ingetoka, na Masalu angekuwa kwenye usukani.

Kidato cha tatu walikuwa na somo ambalo alikuwa ameliandaa tangu juma lililopita. Mtaala hauna huruma. Aliandika ubaoni must, akaandika should, akaandika might, moja chini ya jingine, na chaki ikamvunjikia mkononi.

"La kwanza linalazimisha," alisema. "La pili linashauri. La tatu linakisia, jambo linaweza kuwa, linaweza lisiwe." Aliwapa mifano. Dereva lazima asimame kwenye taa nyekundu. Mgonjwa inafaa apumzike. Mvua huenda ikanyesha. Wanafunzi waliitikia kwa pamoja, vizuri kabisa, na yeye alikuwa hawasikii.

Msichana mmoja wa mbele, Queen, alinyoosha mkono. Alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye mtihani.

"Mwalimu, hii must mtu anamwambia nani?"

"Yeyote. Anayestahili kuambiwa."

"Hata baba? Mimi nyumbani nikimwambia baba you must, sili siku hiyo." Darasa likacheka. Queen hakucheka. "Nauliza kweli, mwalimu. Nikiona nyumba inaungua na baba amelala ndani, nimwambie inafaa uamke?"

Darasa lilicheka zaidi. Immaculata alishika meza. Alijisikia akijibu, kwa sauti ya mwalimu, sauti iliyozoea kuwa sahihi: "Hapana, Queen. Hapo huangalii ukubwa wa mtu. Unaangalia ukubwa wa moto."

Wanafunzi walingoja mfano mwingine. Badala yake waliona mwalimu wao anaweka chaki, anachukua mkoba, anasema "Andikeni sentensi zenu," na anatoka. Na alipokuwa nje ya mlango walimsikia anaanza kukimbia.

Alipata baiskeli ya kukodi karibu na soko. Mwenye baiskeli alimuuliza kama kuna msiba. "Bado," alisema Immaculata, na yule kijana akakanyaga bila kuuliza tena.

Mwaloni boti ilikuwa majini tayari. Masanduku ya barafu yalikuwa yamepangwa ndani, na juu ya masanduku walikuwa wamekaa wanawake wachuuzi wa Kome na mafurushi yao, maana boti ikienda tupu si hasara tu ni dhambi. Ngosha, fundi wa injini, alikuwa anaipasha injini moto, na moshi ulitanda juu ya maji. Masalu alikuwa anafungua kamba. Immaculata alimwita kando.

Alimweleza yote, na hakujipamba. Masalu alisikiliza, kamba mkononi, na uso wake ukabadilika rangi.

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Ningesemaje, Masalu? Wewe ungesemaje?"

Masalu naye alikuwa mtoto wa mzee yuleyule. Alitazama kule baba yake aliposimama na wazee. "Baba ameshatamka safari mbele ya wageni wake. Mimi nikishuka sasa watasema mtoto wa Chenge anaogopa maji, na boti ataitoa Ngosha. Asubuhi wewe ndiye uliyepewa maneno ya mzungu. Baba ndiye wa kuambiwa, na wewe ndiye wa kumwambia."

"Mimi?"

"Basi mpitie mama."

Hiyo ndiyo njia yenyewe, njia iliyonyooka ya ukoo. Neno la mkamwana kwa baba mkwe hupita kwa mama mkwe, kama maji yanavyopita kwenye chujio. Mama yake Masalu, Bernadeta, alikuwa chini ya turubai akiwapikia mabaharia uji wa kuondokea. Immaculata alipiga magoti karibu na moto. Safari hii alisema lazima. Alisema mbao zimeoza, alisema marufuku, alisema Masalu atakufa. Bernadeta aliacha mwiko ndani ya sufuria akasimama.

"Yaya, mwanangu, yaya," alisema kwa lugha yao, hapana, hapana. "Kaa hapa. Naenda mimi."

Immaculata alimfuata kwa macho. Alimwona mama wa watu anapita kati ya vyandarua vya kuanikia dagaa, anafika kwa mumewe, anainama, anangoja wageni wamalize kucheka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani na ukayaleta maneno yote.

"Baba Masalu, samahani. Mkamwana anaomba, kama hutajali… moyo wake una wasiwasi kidogo na safari."

Wasiwasi kidogo! Neno lililotoka pale motoni likiwa na damu lilifika kule likiwa limenyweshwa uji. Mzee Chenge alicheka, bila ubaya wowote. "Mwambie mumewe atarudi kesho kutwa. Wanawake wa Kihaya hawajazoea kulala peke yao." Wazee wa Misungwi wakafurahi sana. Bernadeta alirudi amejifunika mdomo kwa kitenge, hakuthubutu kumtazama.

Injini ilishika. Mlio wake ulimpiga Immaculata kifuani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyofundishwa wote. Lakini waliotunga methali hiyo walisahau kutuambia anavunjika nini mkuu asiyesikia la mdogo, na anavunjikia kwa nani.

Alikwenda mwenyewe. Alipita kati ya vyandarua, akafika pale, na magoti yalipotaka kukunjika aliyakatalia. Alisimama. Alimtazama baba mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaona kwamba ana macho ya Masalu.

"Baba, boti haitoki."

Mmoja wa wazee alishusha kiko.

"Asubuhi nilikudanganya," alisema Immaculata. "Mzungu hakushauri. Alikataza. Alisema ubao umeoza, kisu kiliingia. Alisema ni lazima isitoke mpaka ubadilishwe. Mimi nililainisha kwa sababu ya heshima. Sasa nakwambia kama alivyosema. Lazima isitoke."

Mzee Chenge hakuonyesha hasira. Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza. "Alisema itazama?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya mara ya pili na pengine angeshinda. Lakini alikuwa ameshachoka na uongo wa siku ile.

"Hapana. Alisema huenda."

"Huenda."

"Ndiyo, baba. Huenda ikafika, huenda isirudi."

"Kwa ajili ya huenda unanisimamia mbele za watu?"

"Masalu ni mmoja, baba. Huenda moja inamtosha."

Kuna waliosema baadaye kwamba mzee alikuwa karibu kukubali. Fimbo yake ilishuka, akageuza uso kutazama boti, na midomo yake ikachezacheza kama mtu anayetafuta namna ya kuanza. Lakini nyuma kwa wachuuzi mtu mmoja asiye na akili alicheka, akasema kwa sauti, "Kumbe kwa Chenge siku hizi anayetoa amri ni mwalimu!" Na vicheko vikadaka vicheko.

Uso wa mzee ulifunga. Immaculata aliona jambo hilo likitokea na hakuwa na la kulizuia. Alikuwa amesema kweli yote, ikiwa kavu, ikiwa nzima, na kwa kuisema pale ameifanya isikubalike. Mwanamume aliyeamriwa na mkamwana wake mbele ya wazee wa kwao hawezi kutii, hata kama ameambiwa asile sumu.

"Masalu!" aliita. "Shuka. Leo naipeleka mwenyewe."

"Baba, wewe maji huyajui," alisema Masalu kutoka kwenye boti, na kwa hasira ya mzee kauli hiyo ikawa mafuta ya taa.

"Nimesema shuka!"

"Ukiingia wewe, mimi sishuki."

"Basi tutakwenda wote." Mzee alikunja suruali, akampa mwenzake fimbo amshikie, akaanza kuteremka kuelekea majini. Kuogelea hakujua, mtu wa Misungwi aogelee wapi? Bernadeta alipiga ukelele mmoja, akaukata nusu. Immaculata alisimama pale pale, na amri yake ilikuwa imemtia hatarini baba mkwe pia, si mume peke yake. "Mawe!" alisema kwa lugha ya kwao, mama yangu, na machozi yakamtoka kwa hasira, hasira ya kuwa mkosaji alipokuwa mpole na mkosaji alipokuwa mkali.

Kisha aliona kigoda.

Kilikuwa nyuma ya usukani, chini ya kipande cha turubai. Kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa kukaliwa, ambacho mzee alikuja nacho kutoka zizini Misungwi na akataka kiwekwe kwenye boti hata kama yeye mwenyewe hasafiri, ili boti ijue ni ya nani. Hakuna aliyekikalia. Masalu aliendesha kwa kusimama.

Immaculata alivua viatu. Aliingia majini na sketi yake ya ualimu, akampita baba mkwe wake ambaye maji yalikuwa yamemfika vifundoni, akashika ukingo wa boti. Masalu alimpa mkono akidhani anataka kuagana. Alipita kati ya masanduku ya barafu, akawaruka wachuuzi, akavuta lile turubai, na akakaa juu ya kigoda cha baba mkwe wake, miguu pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyekaribishwa.

Bernadeta alijishika kichwa. "Mkamwana! Inuka! Inuka, mwanangu!" Wazee wa Misungwi walitazama pembeni haraka kama watu waliofungua mlango wa chumba cha wenyewe. Asiyejua mila hizo atacheka, akacheke kwao. Kwa watu wale, mkamwana kukalia kigoda cha baba mkwe ni sawa na kulala kitandani kwake. Kigoda kimeingia mwiko, na mahali kilipo pameingia mwiko. Mzee hawezi kukanyaga hapo, na mwanawe hawezi kukitumia chombo hicho, mpaka achinjwe mbuzi na wazee wakae wapatakase. Wala haiwi jambo la siku moja.

Mzee Chenge alirudisha mguu mmoja nchi kavu, mwingine akauacha majini. Alimtazama Immaculata, na Immaculata hakuinamisha uso. Alikuwa anatetemeka mpaka kigoda kinagonga mbao. Alijua anachokilipia. Atarudishwa Kamachumu wakati mambo yakizungumzwa, na huenda yakazungumzwa muda mrefu, na huenda asirudi. Wanawake wa siku ya kwanza watasema si tuliwaambia.

"Ngosha," alisema mzee hatimaye, "zima injini."

Injini ilizimwa.

"Boti imeingia mwiko," alisema, akiwageukia wazee wenzake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimamia nyumba yake. "Haitoki."

"Haitoki," waliitikia wazee wote watatu kwa pamoja, na palikuwa na namna walivyopumua. Mwiko si mwanamke. Mwiko hata chifu aliutii. Wachuuzi walianza kushusha mafurushi wakinung'unika, na yule aliyecheka alikuwa wa kwanza kutafuta boti nyingine. Barafu iliuzwa kwa majirani kabla haijawa maji. Ule mwalo wa Kome ulikwenda kwa mtu mwingine, kama ilivyotabiriwa. Na kama boti ingezama siku ile au isingezama, hakuna mtu aliyepata kujua, wala hatajua.

Masalu aliruka majini akasimama kando ya boti, karibu na mkewe lakini bila kumgusa, maana baba yupo. Watu walipopungua, Mzee Chenge alimwita Bernadeta. Immaculata alikuwa hatua chache tu, anasikia kila kitu, lakini mzee alimpa mgongo na kusema na mkewe, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa.

"Mama Masalu, mpelekee mkamwana maneno yangu. Mwambie kuhusu mbuzi tutaongea na watu wa kwao, na Kamachumu atakwenda, hilo siwezi kulikwepa. Nitamfuata mwenyewe." Alikamua maji kwenye upindo wa suruali. "Halafu mwambie asubuhi nilisikia. Mzungu alitikisa kichwa mara mbili. Mtu hatikisi kichwa vile kwa ajili ya ushauri. Na yeye mwenyewe neno lilimgomea pale kwenye changarawe. Nilisikia lazima, Mama Masalu. Nikachukua ingefaa, kwa kuwa ndiyo iliyonifaa. Mwambie huo uzito asiubebe peke yake."

Bernadeta aligeuka ili aupeleke ujumbe, akakuta mkamwana wake ameshajiinamia juu ya kigoda, uso magotini, analia kwa sauti.